Taa mpya za LED zimeniletea maumivu ya kichwa. Nizing'oe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Morogoro mjini. Kazi yangu ni ushonaji. Mchana nakaa kibarazani na cherehani, nashona sare za shule na magauni ya vitenge. Usiku, tukishakula, nahamia chumba cha mbele kumalizia mapindo na vifungo mpaka saa nne au saa tano, na msimu wa sikukuu ukifika hata saa saba inanikuta.

Kijana wangu mkubwa anasomea umeme chuo cha ufundi. Mara baada ya Idi alisema atanipunguzia gharama za luku. Akapanda ngazi Jumamosi moja, akatoa globu zote za njano, zile zenye kiwaya ndani, akaweka za LED nyumba nzima. Nyeupe pee. Chumba cha kushonea akaniwekea kubwa ya wati 20, akaniambia, "Mama, sasa utaona hata viroboto vya kuku." Luku kweli inakaa, hilo siwezi kulikataa.

Lakini Shangazi, tangu hapo ikifika saa mbili usiku kichwa kinaanza kuniuma kwenye paji na nyuma ya macho. Macho yanawasha na kutoa machozi. Nikikanyaga mota, sindano naiona kama ziko tatu. Nikishona mchana pale kibarazani sipati shida hiyo.

Mdogo wetu wa darasa la kwanza anaogopa giza, kwa hiyo analala taa ikiwaka. Zamani saa mbili na nusu alikuwa keshalala. Sasa hivi saa nne bado anarukaruka kitandani, na asubuhi kumwamsha ni vita. Mama mkwe wangu, amepita miaka 70, anasema taa ya sebuleni inamchoma, anakaa ameipa mgongo hata wakati wa taarifa ya habari. Jicho lake la kulia lina ukungu.

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la kikoba ikatumwa sauti ya mtu anayejiita daktari. Anasema taa za LED zinapofusha watu taratibu, zinaleta saratani, na Ulaya wamezipiga marufuku wakarudi kwenye globu za zamani, sisi ndio tunaletewa. Mume wangu alipoisikia akaamuru zote zitolewe. Kijana amenuna, hasemi na baba yake. Na jirani yangu anauza miwani ya kuzuia mwanga wa bluu, ananishawishi ninunue ya familia nzima.

Globu mbili za zamani nilizobakiza nilizifunga kwenye banda la vifaranga. Nizirudishe ndani? Halafu kuna jambo lingine dogo: kutunga uzi kwenye sindano kumenishinda, binti yangu wa kati ndiye ananitungia tangu mfungo wa Ramadhani. Sijui kama nalo limeletwa na hizo taa.

Mama Pindo, Morogoro

*

Marahaba mwanangu,

Globu ziache bandani. Globu ya kiwaya hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa mwanga, kiasi cha asilimia 5 hivi. Kinachobaki ni joto, na joto ndilo kifaranga analolitafuta. LED haitamfaa kwa kazi hiyo. Ndani ya nyumba badilisha taa tatu: ya kushonea, ya chumba cha mtoto na ya sebuleni. Wewe na mama mkwe mwende mkapimwe macho. Nyumba nzima haina haja ya kuchomolewa taa.

Nianze na sindano tatu, maana sentensi hiyo niliisoma mara mbili.

Umeme wetu wa gridi unazunguka mara 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko nguvu inapanda na kushuka mara mbili. Kwa hiyo taa inapata nguvu na kuikosa mara 100 kila sekunde. Globu ya kiwaya haikuonyeshi mchezo huo. Kile kiwaya cha tangsteni kinawaka kwa joto linalopita nyuzi 2,000, na katika sehemu moja ya mia ya sekunde hakipati nafasi ya kupoa. Mwanga unashuka kidogo, unapanda tena. LED haina joto la akiba. Ikikosa nguvu inazima papo hapo, ikiipata inawaka papo hapo. Ndiyo maana kwenye kitako chake huwekwa saketi ndogo ya kuutuliza umeme, na ndani yake kuna kapasita, kidude kinachoweka umeme wa akiba kidogo. Taa iliyotengenezwa kwa uaminifu ina saketi ya maana, na mwanga wake unaweza kutulia kuliko hata wa globu. Ile ya bei ya chee, mara nyingi kilichobaniwa ni hiyo kapasita. Taa inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde juu ya kichwa chako, jicho halikuambii, ila kitu kinachokwenda kasi kinaiumbua. Sindano yako inamulikwa kwa vipande: ikiwa juu, ikiwa katikati, ikiwa chini. Wewe unaona tatu.

Kuumwa kichwa kwa mwanga wa namna hiyo si mawazo yako. Mwaka 1989 huko Uingereza, Arnold Wilkins na wenzake waliwabadilishia wafanyakazi wa ofisi saketi za tyubulaiti. Kipindi kimoja walikaa chini ya tyubulaiti za kawaida zinazopepesa mara 100 kwa sekunde, kipindi kingine chini ya zile zenye saketi ya kasi kubwa ambazo hazipepesi hivyo. Chini ya hizi za pili, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa zaidi ya nusu. Zile zilikuwa tyubulaiti, sawa, lakini kasi ya kupepesa ni ileile ya LED mbovu, na LED mbovu inaweza kuzidi kwa jinsi inavyoshuka karibu na giza kabisa kila inapofifia. Wahandisi wenyewe walilitambua tatizo: mwaka 2015 jumuiya yao ya kimataifa, IEEE, ilitoa mwongozo mahsusi kuhusu kupepesa kwa LED na afya ya watu. Si kila mtu anaumwa. Wenye kipandauso huwa wa kwanza kulalamika, na wewe unayekazia macho kitu kinachokwenda kasi saa nzima mfululizo, sishangai.

Hakikisha kabla ya kutoa hela. Usiku, mwambie kijana achukue simu yenye uwezo wa kurekodi video ya mwendo wa polepole, airekodi taa ya kushonea. Ikiwa inapepesa vibaya, kwenye video utaiona ikizima na kuwaka. Kama simu haina uwezo huo, simama chini ya taa, shika sindano ndefu ya kufumia au kijiti cheupe, kipunge haraka mbele ya kitambaa cheusi. Mwanga uliotulia utakuonyesha ukungu mmoja laini. Mwanga unaopepesa utakuonyesha vijiti vingi vimetengana. Zipimeni taa zote za nyumba kwa njia hiyo, na msishangae mkikuta mbili zilizotoka boksi moja hazifanani. Pia taa iliyokuwa nzuri Januari inaweza kuharibika baadaye. Ukiifungia ndani ya kioo kisichopitisha hewa, joto linarudi kwenye kitako, kapasita inakauka, na kupepesa kunaanza. Kama chumba cha kushonea kuna kile kibakuli cha kioo kilichofungwa kote, kitazame kwa jicho la shaka.

Jambo hili lina hatari nyingine ya kazi ambayo watu hawaisemi. Chini ya mwanga unaopepesa, kitu kinachozunguka kinaweza kuonekana kinakwenda taratibu au kimesimama kabisa. Kwenye karakana za mbao na vyuma hilo linajulikana na linaogopwa. Cherehani ya mota si msumeno, lakini vidole vyako viko pale.

Sasa hizo wati 20. Hapa kijana kapenda mno. LED ya wati 8 au 9 inatoa kama lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa), ambazo ndizo za globu ya zamani ya wati 60. Ya wati 20 inapita globu ya wati 100. Kuifunga peke yake, uchi, katikati ya dari ya chumba kidogo kunaleta mambo mawili: mng'ao unaokuingia machoni kila unapoinua uso, na kivuli cha kichwa chako mwenyewe juu ya pindo unaloshona. Mshonaji anahitaji mwanga uliokaribia kazi, siyo uliokaribia paji la uso. Weka ya wati 9 darini, yenye kifuniko cheupe kinachotawanya mwanga lakini chenye tundu za hewa, kisha taa ndogo ya mezani upande wa kushoto wa cherehani kama unatumia mkono wa kulia, imeelekezwa chini, kiasi kwamba ukikaa huioni balbu yenyewe.

Kwa chumba hicho chagua nyeupe ya katikati. Kwenye boksi tafuta namba inayomalizikia na herufi K. Inayokaribia 2700K au 3000K ni ya njano inayofanana na globu, 4000K ni ya katikati, 6500K ni ile nyeupe inayoelekea bluu iliyojaa madukani kwetu. Tafuta pia alama ya Ra. Hiyo inaeleza taa inavyozionyesha rangi kwa ukweli. Globu za zamani zilikuwa karibu na 100, hawakuwa na mpinzani. Chukua LED ya kuanzia 80, ukipata ya 90 usiiache dukani. Chini ya taa yenye Ra mbovu utaunganisha uzi wa hudhurungi na kitambaa cha damu ya mzee, mteja aje kukuonyesha barazani kwake mchana.

Hilo la kutunga uzi, mwanangu, soma tena barua yako. Uzi ulianza kukushinda Ramadhani. Taa zilibadilishwa baada ya Idi.

Una miaka 44. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inapoteza ulaini wake na haiwezi tena kujikunja kuona cha karibu. Inawapata watu wote, hata aliyekuwa anaona mbali kama mwewe, na haihusiani na taa, kusoma sana wala kushona sana. Dalili zake ndizo hizo: uzi na sindano, kusogeza simu mbali ndipo usome ujumbe, na kichwa kuuma jioni kwa sababu misuli ya jicho imevutana na kazi kutwa. Kibarazani mchana hupati shida kwa sababu mbili. Kwanza, jua halipepesi. Pili, mwanga mwingi unaifanya mboni kuwa ndogo, na mboni ikiwa ndogo vitu vya karibu vinaonekana kwa ukali zaidi. Usiku faida hiyo inaondoka. Kwa hiyo kama mumeo angekurudishia globu yake ya wati 60, sindano zingerudi kuwa moja, lakini tundu la sindano lingeendelea kupotea.

Tiba yake ni miwani ya kusomea. Nilikaa kliniki ya macho miaka mingi, na wagonjwa walionichosha ni mafundi wa mikono waliokuja wakiwa wameshaacha kazi, wakiamini macho yamekwisha, kumbe wanahitaji miwani ya namba ndogo tu. Bangladesh walifanya jaribio kwa watu wa vijijini wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za kutazama karibu. Nusu walipewa miwani ya kusomea, nusu wakasubiri. Baada ya miezi minane, kipato cha waliopewa kilikuwa juu kwa asilimia 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Wewe unayelipwa kwa gauni unaielewa hesabu hiyo kuliko mimi.

Kwa mtoto, hapo taa ina lawama, na lawama yenyewe ni ya rangi, ukali na saa.

LED nyeupe tunazotumia nyumbani zina kijipande kinachotoa mwanga wa bluu, juu yake kimepakwa unga wa njano, mchanganyiko wake jicho linauita mweupe. Walioivumbua ile LED ya bluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Sasa, nyuma ya jicho, mbali na zile seli za kuonea, kuna seli chache zenye kemikali inayoitwa melanopsini. Hizi kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na zinachangamka zaidi kwa mwanga wa buluu. Zikimulikwa usiku, ubongo unachelewa kutoa melatonini, homoni inayoandaa usingizi. Mtoto anaathirika kuliko sisi, kwa kuwa lenzi ya jicho lake ni safi kama maji na mboni yake ni kubwa. Watafiti wa Japani mwaka 2014 waliwaweka watoto wa shule ya msingi na watu wazima chini ya mwanga uleule wa usiku, na melatonini ya watoto ilizuiwa karibu mara mbili ya ile ya watu wazima.

Kwa hiyo mtoto wako hana utundu mpya. Amewekewa mchana chumbani. Mweke taa ya 2700K ya wati chache kwa ajili ya kuvaa na kusoma, ifikapo saa mbili uizime, ibaki taa ndogo kabisa ya wati moja au chini yake, ya rangi ya njano au nyekundu, karibu na sakafu na nyuma ya kitanda, asiione moja kwa moja. Akishalala, nayo izimwe. Hata globu ya zamani ikiwa kali na ikawaka usiku kucha ingemsumbua, ila si kwa kiasi cha ile nyeupe. Na kama kuna simu inayocheza katuni chini ya shuka, basi taa peke yake haitoshi kulaumiwa. Kusema kweli sipendi 6500K katika chumba chochote cha kulala. Siku hizi nikiingia nyumba za watu usiku, na ule utepe wa taa za bluu kuzunguka dari la jipsamu, najiona nimerudi zamu kwenye korido ya hospitali.

Mama mkwe ana dalili za mtoto wa jicho. Lenzi iliyofanya ukungu inautawanya mwanga ndani ya jicho, ndiyo maana taa kali inamchoma. LED haikumletea ukungu huo, imeufichua. Sebuleni mwekee 3000K yenye kifuniko, mbili ndogo pembeni badala ya moja kali katikati, na asikae ameitazama. Ila usimwache na taa hafifu kwa huruma: mzee anahitaji mwanga mwingi kuliko kijana, ukipunguza sana atajikwaa. Kisha mpelekeni akapimwe. Upasuaji wa mtoto wa jicho huchukua muda mfupi, na lenzi bandia huwekwa palepale. Unafanyika katika hospitali nyingi zenye kitengo cha macho, CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zikiwemo, na mara kwa mara kambi za macho hupita mikoani. Ulizeni hospitali ya mkoa ratiba yao.

Ile sauti ya kwenye kikoba ina chembe za ukweli zilizopikwa vibaya.

Ulaya kwanza. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa globu za kiwaya madukani mwaka 2009, ukamaliza za kawaida mwaka 2012. Marekani ikafuata kwa kanuni iliyoanza kutekelezwa Agosti 2023. Waliopigwa marufuku ni globu. Bwana wa sauti kaigeuza habari juu chini.

Kupofuka. Mwanga mkali sana wa bluu unaweza kuunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na wanasayansi wameliona hilo kwa wanyama wa maabara. Wakala wa afya wa Ufaransa, ANSES, mwaka 2019 ulitahadharisha kuhusu LED kali zenye bluu nyingi, hasa kwa macho ya watoto, ukashauri watu wa kawaida wasiuziwe zile za kundi la juu la hatari. Sauti yenyewe nadhani ilizaliwa hapo. Lakini kamati ya sayansi ya Umoja wa Ulaya, SCHEER, ilipitia ushahidi mwaka 2018 na haikukuta kwamba matumizi ya kawaida ya LED yanawadhuru watu wenye afya. Na fikiria kiasi. Mwanga unaofika mahali hupimwa kwa laksi, na jua la saa sita mchana Morogoro linafika laksi 100,000 huko nje. Sebule yako ikiwa na laksi 200 au 300 ni nyumba yenye mwanga mzuri. Mwanga wa bluu unaoupata ukianika nguo mchana unaupita kwa mbali sana ule wa taa. Ninachokukataza ni watoto kumulikana machoni na tochi zile kali za LED, na kukodolea macho balbu iliyo uchi kwa karibu. Taa za mbele za bodaboda siku hizi nazo zina kesi yake, lakini hiyo ni barua nyingine.

Saratani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007, na likarudia msimamo huo 2019. Wanazungumzia watu wanaogeuza usiku kuwa mchana kwa miaka, na mwanga wa usiku ni mojawapo ya sababu zinazoshukiwa. Globu ya njano ukiikesha nayo haikukingi. Kwa hiyo kilichonigusa kwenye barua yako kuhusu hili ni zile saa saba za usiku msimu wa sikukuu. Chukua oda chache, au anza mapema.

Miwani ya jirani usinunue. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za afya, walikusanya majaribio 17 ya lenzi za kuchuja mwanga wa bluu, wakakuta kwa muda mfupi hazipunguzi uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida. Hela hiyo iende kwenye miwani ya kusomea.

Sasa mumeo na mwanao. Baba ana haki ya kuogopa, amesikia watu wake watapofuka. Usimbishie mbele ya kijana. Mwonyeshe video ya taa ikipepesa, aone kwamba malalamiko yako yalikuwa na msingi, kisha mwekee hesabu mezani. Globu sita za wati 60 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula yuniti 54 kwa mwezi. LED sita za wati 9 zinakula yuniti 8 na kidogo. Mkirudi kwenye globu, ukiongeza pasi, televisheni na mota ya cherehani, mtavuka yuniti 75, na ile bei nafuu ya watumiaji wadogo mtaiaga. Na kijana mpe heshima yake: wazo lake lilikuwa zuri, kosa ni kuchagua taa kwa wati na bei tu. Mpe kazi ya kupima kila taa na kuandika ipi ibaki. Zilizofaulu zenye rangi nyeupe kali zihamishieni jikoni, stoo na nje. Zilizofeli zirudisheni dukani kama risiti ipo. Kama ndani kuna zile enaji seva za zamani zilizojikunja, hizo zina zebaki kidogo. Ikivunjika, fungueni madirisha, msifagie kwa mkono mtupu.

Mwisho, kliniki usiisubiri ikiwa kichwa kitauma kwa ghafla pamoja na kutapika, jicho likawa jekundu, ukaona miduara ya rangi kuzunguka taa, au mwanga unaomulika kama radi upande mmoja wa jicho. Siku hiyohiyo nenda. Vinginevyo panga wiki hii au ijayo, asubuhi, kabla macho hayajachoka. Wakupime na presha ya macho, umri wako unaruhusu. Nenda na kipande cha kitambaa na sindano unayotumia, ukae mbele ya mpimaji kama unavyokaa kwenye cherehani, apime umbali kutoka jicho lako hadi kazi. Miwani ya kusomea kitabu na ya kushonea mara nyingi hazilingani namba, na usipomwambia atakupa ya kitabu.

Shangazi